UTI inayorudi rudi: ijue methenamini, dawa ya zamani ambayo bakteria hawajaizoea

Mada ya leo ni ya chini ya mkanda, kwa hiyo kama jirani yako wa kompyuta ya pili anapenda kuchungulia, punguza ukubwa wa maandishi halafu twende.

Nataka kuongelea dawa inaitwa methenamini. Siyo antibiotiki. Ni dawa ya kuua vijidudu kwenye mkojo, na kazi yake ni moja tu: kuzuia UTI isirudi kwa mtu ambaye inamrudia kila mara. Mimi si daktari, nilikuwa mgonjwa tu niliyechoka, nikaanza kusoma. Niliyoyakuta nayaweka hapa kwa sababu kwa Kiswahili sijakutana nayo mahali pamoja.

Kwanza tuelewane kuhusu hili neno "UTI sugu" ambalo kila mtu analitumia. Limebeba mambo mawili tofauti na ndiyo maana linatuchanganya. Kuna UTI ambayo bakteria wake wamezoea dawa, unameza cipro siku saba na maumivu yako palepale. Huo ni usugu wa dawa. Halafu kuna UTI ambayo inapona kabisa, unakaa mwezi mmoja au miwili una raha zako, halafu inakuja nyingine. Hiyo ni UTI ya kujirudia, na madaktari wanaihesabu hivi: mara 2 ndani ya miezi 6, au mara 3 ndani ya mwaka mmoja. Methenamini ni ya hii ya pili. Ukiitumia kutibu ile ya kwanza utapoteza hela na muda, na ugonjwa unaweza kupanda kwenye figo.

Mbaya zaidi, ya pili huwa inazaa ya kwanza. Kila inaporudi unameza antibiotiki, na kila ukimeza, wale bakteria wanaoishi tumboni na kwenye ngozi ya jirani na njia ya mkojo wanapata mazoezi. Mimi ilinitokea hivyo. Mwaka mmoja niliumwa mara tano. Duka la dawa, cipro. Zahanati, kijiti kwenye mkojo, "una UTI dada," cipro tena. Mara ya nne sindano siku tano. Hakuna hata mtu mmoja aliyesema tuoteshe mkojo tuone ni mdudu gani. Mara ya tano nikaenda hospitali kubwa zaidi, wakaotesha, na siku ya tatu nikapewa karatasi. Kwenye ile karatasi kila dawa ina herufi mbele yake, S maana yake inamuua mdudu, R maana yake mdudu ameizoea. Yangu ilikuwa R, R, R mpaka chini, S mbili tu, zote za sindano. Nilikaa kwenye benchi nikaanza kuhesabu: nikimaliza hizi mbili nabaki na nini?

Daktari alikuwa mama wa makamo. Nilimwamkia, akapokea ile karatasi akaisoma polepole, akaniambia, "Mwanangu, wewe huna UTI moja isiyopona. Unapata mpya kila mara. Tutaitibu hii, halafu tutafute namna ya kuzuia nyingine bila kuongeza antibiotiki." Hapo ndipo nikasikia hilo jina mara ya kwanza.

Sasa inafanyaje kazi? Hapa ndipo watu huwa wanashtuka, hata mimi nilishtuka. Methenamini yenyewe haiui kitu. Ukiimeza inapita tumboni, inaingia kwenye damu, figo zinaichuja na kuitupa kwenye mkojo ikiwa bado nzima. Ikifika kwenye mkojo wenye asidi inaanza kuvunjika, na inapovunjika inatoa vitu viwili: amonia na fomaldehaidi. Ndiyo, fomaldehaidi, ile ile ambayo ikichanganywa na maji inaitwa fomalini na inatumika mochwari. Inashika protini za bakteria na vinasaba vyake na kuviharibu vyote kwa pamoja. Na kwa kuwa damu haina asidi ya namna hiyo, uvunjikaji unafanyika kwenye mkojo, siyo mwili mzima.

Umuhimu wake uko hapo kwenye "vyote kwa pamoja". Antibiotiki nyingi zinalenga sehemu moja ya bakteria, kama ufunguo na kufuli. Bakteria akibadilisha kufuli, ufunguo hauingii tena, na ndiyo usugu. Fomaldehaidi haina ufunguo, inavunja mlango, dirisha na ukuta. Dawa hii imetumika kwa zaidi ya miaka 100 na bado haijaonekana bakteria wakijenga usugu wa maana dhidi yake. Nilivyosoma hilo nikakumbuka ile karatasi yangu ya R R R.

Zaidi ya miaka 100, hujasoma vibaya. Mkemia Mrusi Aleksandr Butlerov aliitengeneza mwaka 1859, na aliyeileta kwenye tiba ya mkojo ni daktari Mjerumani Arthur Nicolaier, miaka ya 1890, kwa jina la Urotropin. Huyu Nicolaier ndiye yule yule ambaye mwaka 1884, akiwa bado kijana wa miaka 22, aligundua mdudu wa pepopunda kwenye udongo. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1942 huko Berlin alijiua ili asipelekwe kwenye kambi ya Wanazi. Nimeliweka hili pembeni ya mada kwa sababu jina lake halitajwi sana. Dawa yake ilitamba mpaka zilipokuja sulfa miaka ya 1930, halafu penisilini, watu wakaisahau. Nani angehangaika na dawa ya kuzuia wakati kuna vidonge vinavyotibu ndani ya siku tatu?

Kilichoirudisha ni huo huo usugu. Uingereza walifanya utafiti unaitwa ALTAR, matokeo yakatoka kwenye jarida la BMJ Machi 2022. Walichukua wanawake 240 wenye UTI za kujirudia, wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja likameza antibiotiki kidogo kila siku kwa mwaka mzima, jambo ambalo ndiyo lilikuwa kawaida kule, na kundi jingine likameza methenamini hipureti mara mbili kwa siku. Kabla ya hapo wanawake hawa walikuwa wanaumwa zaidi ya mara 6 kwa mwaka kwa wastani. Katika mwaka wa dawa, kundi la antibiotiki likapata wastani wa mara 0.89 na la methenamini mara 1.38.

Mtu wa haraka atasema antibiotiki imeshinda. Ni kweli namba yake ni ndogo. Lakini kabla ya kuanza, watafiti walikaa na wagonjwa wakakubaliana kwamba tofauti isipozidi ugonjwa mmoja kwa mwaka, basi methenamini itahesabika si dhaifu kuliko mwenzake. Tofauti ikawa karibu nusu. Halafu wakapima bakteria wa E. coli kutoka kwenye ngozi ya sehemu za siri: katika kipindi cha dawa, waliotumia antibiotiki walikuwa na bakteria sugu kwa angalau dawa moja kwa asilimia 72, wa methenamini asilimia 56. Miezi 6 baada ya kuacha dawa picha ya usugu haikuwa safi hivyo, kwa hiyo tusishangilie kupita kiasi. Pia wagonjwa walijua wanameza nini, na hakukuwa na kundi la kidonge cha bandia. Hata hivyo mwaka 2024 taasisi ya NICE, ile inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliiingiza methenamini kwenye mwongozo wake kama njia mojawapo badala ya antibiotiki za kila siku.

Haya, sasa tuje kwenye sehemu ambayo watu wanakosea, maana dawa hii ina masharti kama ya mganga.

Sharti la kwanza ni asidi. Mkojo unatakiwa uwe na pH chini ya 6, ikiwa 5.5 au chini ni bora zaidi. Mkojo ukipoteza asidi dawa inapita nzima nzima mpaka chooni, haijavunjika, haijaua chochote. Na sisi tuna tabia moja: mkojo ukiunguza tunakimbilia duka la dawa kununua zile dawa za unga au za maji za "kupunguza ukali wa mkojo". Zile nyingi ni sitreti au bikaboneti, kazi yake ni kuondoa asidi. Ukizitumia pamoja na methenamini umezima dawa yako mwenyewe. Dawa za kiungulia zenye magadi ni hivyo hivyo.

Na limau? Hapa nilibishana na shangazi yangu mpaka tukaacha kuongea jioni nzima. Limau ni chachu mdomoni, lakini mwili ukishalitumia, ile sitreti yake inageuka kuwa kitu cha kupunguza asidi kwenye mkojo. Kwa hiyo ndimu, limau na machungwa kwa wingi havikusaidii, vinaweza hata kukurudisha nyuma. Glasi ya juisi mara moja moja haina neno, nasema yule anayekunywa jagi zima kila asubuhi kama tiba. Vitamini C ya vidonge baadhi ya madaktari wanaiongeza ili kuleta asidi, ila ushahidi wake ni mwembamba, usijiandikie mwenyewe.

Kuna bakteria pia wanaoondoa asidi wenyewe. Maarufu ni Proteus, ambaye anavunja yurea ya kwenye mkojo kutengeneza amonia, pH inapanda, dawa inalala. Ndiyo sababu nyingine ya kuotesha mkojo kabla ya kuanza.

Sharti jingine ni muda. Uvunjikaji wa methenamini siyo wa dakika mbili, inataka mkojo ukae kwenye kibofu saa kadhaa. Kwa mtu mwenye mpira wa mkojo unaotoka muda wote haina kazi kubwa, mkojo haukai. Kwa sababu hiyo hiyo haitibu maambukizi ya figo: mkojo unapita kwenye figo mbio mbio. Homa, kutetemeka, maumivu ya mgongo upande mmoja, kutapika, hayo ni mambo ya hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kidonge cha kuzuia kitibu moto ambao umeshawaka.

Sasa tahadhari ambayo kwa Afrika Mashariki naiona ni kubwa kuliko zote, na vipeperushi vya Ulaya huwa vinaitaja kwa mstari mmoja tu. Methenamini haichanganywi na dawa za sulfa. Zikikutana kwenye mkojo zinaweza kuganda chembechembe na kuumiza figo. Huko Ulaya anayemeza sulfa kila siku ni wa kutafuta. Hapa kwetu Septrin ina sulfa, na watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI wameandikiwa kuimeza kila siku. SP wanayopewa wajawazito kliniki kuzuia malaria nayo ina sulfa. Kwa hiyo ukifika kwa daktari sema dawa zako zote, hata zile ambazo hupendi kuzitaja mbele za watu. Omba mlango ufungwe kama unaona aibu.

Wengine wasioitumia ni wenye matatizo ya figo, wenye ugonjwa mkali wa ini, aliyepungukiwa sana na maji mwilini, na mwenye gauti, wengine huita jongo. Mjamzito hapaswi kujianzishia, hilo ni la daktari wake peke yake.

Matumizi yenyewe ni rahisi. Mtu mzima anameza methenamini hipureti gramu 1 asubuhi na gramu 1 jioni. Jina la biashara linalojulikana zaidi ni Hiprex. Kuna aina nyingine, mandeleti, ambayo inamezwa mara nne kwa siku na kwa kweli nani atakumbuka mara nne. Inaanzwa baada ya UTI iliyopo kutibiwa ikaisha, siyo kabla. Meza baada ya chakula maana tumbo tupu huwa linalalamika: kichefuchefu ndiyo lawama ya kawaida, wachache wanapata vipele, na dozi ikizidi kibofu chenyewe kinaunguza, yaani unapata maumivu yale yale uliyokuwa unakimbia.

Najua swali linalokuja: fomaldehaidi si inaleta saratani? Shirika la utafiti wa saratani la IARC limeiweka kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, na ushahidi huo umetokana hasa na wafanyakazi wanaoivuta hewani miaka mingi. Kiasi kinachotokea kwenye mkojo ni kidogo na mwili wenyewe hutengeneza na kuvunja fomaldehaidi kila siku. Katika miaka yote ya matumizi dawa hii haijaonyeshwa kuleta saratani, ila tafiti zinazomfuata mtu mmoja kwa miaka mingi mfululizo ni chache. Ndiyo maana mara nyingi inaandikwa kwa miezi 6 au mwaka, halafu mnakaa na daktari mnaangalia kama bado inahitajika.

Na tafadhali, kuna vidonge vyeupe vya kuwashia majiko madogo ya wapanda mlima na wanajeshi, vinaitwa heksamini. Ni kemikali hiyo hiyo. Siyo dawa, ni kuni, havijatengenezwa kwa usafi wa kumezwa na vinaweza kuwa na vitu vingine ndani. Nasema hivi kwa sababu nawafahamu nyie.

Halafu kuna jambo ambalo pengine ningelianza nalo. Una uhakika kwamba unachoumwa ni UTI? Kulikuwa na utafiti mkubwa Kenya, Tanzania na Uganda, jina lake HATUA, uliofuata watu waliokuja vituoni wakiwa na dalili za UTI. Mkojo ulipooteshwa, karibu theluthi moja tu ndiyo walikutwa na bakteria kweli. Waliokutwa nao, usugu kwa dawa nyingi ulikuwa wa kutisha, hasa Tanzania na Uganda. Sasa hao wengine theluthi mbili walikuwa na nini? Kwa vijana, kuungua wakati wa kukojoa mara nyingi ni kisonono au klamidia, na hapo methenamini ni sawa na kumeza chaki, huku mwenzako naye anaendelea kuambukizwa. Kwa mtu aliyekulia pwani, Unguja, Pemba au kando ya ziwa, damu kwenye mkojo inaweza kuwa kichocho, ambacho dawa yake ni prazikwanteli. Fangasi nao wana mwasho wao. Na mwanamume mwenye UTI inayojirudia anatakiwa apimwe kibofu, tezi na figo kabla ya kufikiria vidonge vya kuzuia. Ule utafiti wa ALTAR ulikuwa wa wanawake peke yao, ambao mrija wao wa mkojo ni mfupi, kama sentimita 4, na bakteria hawana safari ndefu.

Kuna kinga nyingine ya bei rahisi ambayo daktari wangu alitaka niijaribu kwanza: maji. Kuna utafiti wa mwaka 2018 wa wanawake 140 waliokuwa wanakunywa maji kidogo na wanaumwa mara kwa mara. Nusu yao waliongeza lita moja na nusu kwa siku, na katika mwaka mmoja wakaumwa wastani wa mara 1.7, wakati wenzao waliobaki na mazoea yao waliumwa mara 3.2. Kwa mama aliyekoma hedhi kuna krimu ya estrojeni ya ukeni ambayo inasaidia, mwulizieni mama zenu kwa adabu. Mimi maji yalinipunguzia lakini hayakutosha, ndipo tukaenda kwenye vidonge.

Ilibidi viagizwe, nikasubiri wiki tatu, na bei haikuwa ya kuchekesha. Nilitumia miezi 12. Katika miezi hiyo niliumwa mara moja, mwezi wa pili, tukaotesha tena mkojo, tukatibu kwa dawa iliyokuwa na S, nikarudi kwenye methenamini. Mtu mmoja si utafiti, huenda hata ningepata nafuu bila hiyo. Ila karatasi ya mwisho niliyopewa ilikuwa na S nne, na ile ya kwanza nimeihifadhi bado kwenye begi.

Ukienda kuiulizia, mwambie mfamasia "methenamini hipureti", usiseme "dawa ya UTI sugu" maana utapewa sindano. Nenda na majibu ya kuotesha mkojo, orodha ya dawa unazomeza, na kipimo cha figo kama unacho. Mwenye swali aliweke kwenye maoni hapo chini, lakini jamani msiandike majina yenu wala namba za simu, mara ya mwisho ilinibidi nifute kumi na mbili.